Jinsi Bwana Alivyonitoa Katika Mkopo wa Pikapu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wale watakaofurahia maneno yangu leo, na asifiwe pia na wale watakaochomwa nayo, maana sikusimama hapa kumpendeza mtu.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mwalimu Rebeka, nafundisha darasa la tatu hapa mjini. Nimezaliwa Ngaremara, mtoto wa Waturkana, na mama yangu aliuza mbuzi wake mmoja mmoja mpaka nikamaliza chuo cha ualimu. Pasta aliponiomba nishuhudie, aliniambia nieleze habari ya akiba, ili kina mama wapate moyo. Nitaieleza. Lakini nikianzia hapo nitakuwa nimewadanganya. Mnivumilie nianzie kwenye uchungu, kwa sababu ndio uliokuwa mwingi.

Nilikuwa nimeolewa na Stanley. Bado ni mume wangu kwa cheti, lakini hayo tutayafikia. Stanley ni mtu wa huko juu milimani, alikuja Isiolo kama karani wa serikali, kijana msafi, viatu vinang'aa, anaimba besi katika kwaya hii hii niliyokuwa nikiimba mimi. Tukapendana. Watu wake hawakunitaka, walisema ameenda kuokota mke jangwani, lakini yeye alisimama na mimi, na kwa hilo sitamsema vibaya. Tukajaliwa binti mmoja, Naomi.

Ule mwaka ambao watoto walianza kupewa maziwa shuleni, Stanley aliacha kazi ya ukarani. Alisema amechoka kuandika mali za watu wengine. Alitaka pikapu, abebe miraa kutoka juu, abebe mbuzi kutoka Gotu na kwingineko, na alisema kwa mwaka mmoja tungekuwa na nyumba ya mawe. Pesa hakuwa nazo. Mwenye mshahara wa kukatwa nilikuwa mimi. Ushirika wa walimu ulikuwa unatoa mikopo, na jina langu lilikuwa safi.

Ndugu zangu, niliogopa! Mimi ni mtoto wa wafugaji, najua mbuzi anaweza kufa, lakini sikuwahi kusikia mbuzi aliyekufa halafu mwenye mbuzi akaendelea kukamuliwa. Nikamwambia Stanley tungoje, tuweke kidogo kidogo. Hakunipiga, hakunitukana. Alienda kuwaita wazee wa kanisa.

Wakaja nyumbani, wakiongozwa na Mzee Zakaria. Mzee, uko pale mbele, nakuona, na nakuheshimu. Ulikaa kwenye kiti changu ukanywa chai yangu, ukaniambia mke aliyeokoka hamwekei mumewe breki. Ukanisomea mistari ya utii. Nilipouliza kama gari litaandikwa jina langu, kwa kuwa mshahara ni wangu, ulicheka. Ulisema, "Mwalimu, hii ni nyumba ama ni kampuni?" Wote wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa aibu. Nikatia sahihi.

Kwa hivyo mkopo ukawa wangu na gari likawa la Stanley. Walimu wawili wenzangu walinidhamini. Wanawake wenye watoto, ndugu zangu. Nikishindwa kulipa, wangekatwa wao.

Pikapu ililetwa ikiwa rangi ya kijani, na siku hiyo tuliiombea hapa nje, mkaiwekea mikono. Mlikuwapo. Mwaka wa kwanza haukuwa mbaya. Stanley alikuwa akija na nyama, alimnunulia Naomi viatu. Mshahara wangu ulikuwa ukifika umekatwa nusu, lakini nilijiambia ni sawa, nusu nyingine inakuja na magurudumu.

Halafu safari zikawa ndefu. Akienda juu siku mbili, anakaa wiki. Nikiuliza, ni springi imevunjika, ni askari wa kizuizi wamemchelewesha. Nyama ikakoma. Mara gia ikaharibika, akahitaji mkopo wa juu ya mkopo, na wazee wakaja tena, na chai nikapika tena, na sahihi nikatia tena. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu wakikosea hesabu mara mbili mimi huwauliza kama wanasikia. Mimi sijui nilikuwa nasikia nini.

Baada ya mkopo huo wa pili, Stanley hakurudi. Aliniachia koti lake mlangoni, na kwa miezi mingi niliambia watu yuko safari, na koti lilinisaidia kudanganya. Kumbe mji mzima ulijua. Alikuwa amepanga nyumba upande mwingine wa soko, na mwanamke wa huko kwao. Ninyi mlijua! Mlikuwa mnanisalimia mlangoni pa kanisa mnaniuliza, "Baba Naomi hajambo?"

Basi nikawa mwanamke wa namna hii. Kila mwisho wa mwezi nalipia gari ambalo silijui linalala wapi. Natembea kwa miguu kwenda shule, na vumbi lake linanipita barabarani. Naomi alikuwa akilijua kwa mlio. Tukilisikia likija, mtoto anaangalia upande wa ukuta ili nisione uso wake.

Nikienda kwa wazee, naambiwa niombe. Niliomba, ndugu zangu. Niliomba mpaka magoti yakawa kama ya ngamia. Mkopo haukupungua hata senti kwa maombi. Ulipungua kwa mshahara wangu.

Sasa nifike mahali ambapo sikutaka kufika.

Ni ule mwaka wa kiangazi kikubwa, tulipokula mahindi ya manjano ya msaada. Mifugo ya Mama kule Ngaremara ilikuwa imekwisha. Jumamosi moja nikaenda kumwona na kiroba cha unga. Nikamkuta amelala ndani, tumbo limefura, macho yamegeuka rangi, hata jina langu analitafuta. Majirani wakasaidia. Tukamweka juu ya shuka, watu wanne wakashika pembe, tukampeleka mpaka barabara kubwa tutafute gari la kumfikisha hospitali ya mjini.

Jua la huko mnalijua. Malori ya mahindi yalipita bila kusimama. Nilikuwa nimemsimamia Mama kwa kanga yangu ili apate kivuli, na mikono imeanza kuchoka, ndipo nikaona ile rangi ya kijani ikija kutoka kaskazini.

Nilimshukuru Mungu! Nasema kweli. Wakati ule sikukumbuka mwanamke mwingine, sikukumbuka kitu. Nilisema moyoni, Bwana, kumbe hii ndiyo sababu ulinifanya nilipe gari hili.

Stanley akasimama. Nyuma mbuzi wamejaa. Mbele ameketi yule mwanamke, na kitambaa kizuri kichwani. Stanley akatoa kichwa dirishani.

"Rebeka. Kuna nini?"

"Ni Mama," nikamwambia. "Mshushe huyu ama umsogeze, Mama akae mbele. Twende hospitali."

Akamwangalia yule mwanamke. Yule mwanamke akaangalia barabara.

"Mbele hakuna nafasi," akasema. "Nyuma labda. Lakini hawa mbuzi si wangu, ni wa mfanyabiashara, na lazima wafike sokoni kabla wanunuzi hawajaondoka."

"Tutakaa nyuma."

Nikadhani tumemaliza. Nikageuka kuwaita wale vijana wambebe. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayeuliza saa:

"Una ngapi? Hii gari inatembea kwa mafuta, Rebeka."

Ndugu zangu, nilifungua kitambaa changu cha pesa pale barabarani, mbele ya watu wa kwetu, nikampa mume wangu nauli. Akaipokea. Akaiweka mfukoni mwa shati.

Tukampandisha Mama katikati ya mbuzi. Nikakaa chini nikaweka kichwa chake mapajani, na mguu nikautumia kuwasukuma mbuzi wasimkanyage. Ile barabara ya matuta ilikuwa ikimtupa huku na huku. Karibu na mji alifungua macho, akaangalia ubao wa gari, akaniuliza kwa lugha yetu:

"Hii si ndiyo gari yako?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Ni yangu."

Akafunga macho. Akatabasamu, nafikiri. Alikuwa ameambia kijiji kizima kwamba binti yake ana gari.

Stanley alituteremsha sokoni. Si hospitali, sokoni, kwa sababu ya wanunuzi. Kutoka hapo nilisimamisha mkokoteni wa maji, mwenye nao akamwaga mitungi yake bila kuniuliza pesa, tukamsukuma Mama pamoja mpaka hospitali. Mtu yule alikuwa Mwislamu, simjui jina mpaka leo. Bwana amkumbuke.

Mama hakumaliza wiki. Daktari alisema labda ingekuwa vile vile hata tungefika mapema. Labda. Stanley hakuja maziko. Alituma mbuzi. Nikamrudisha mbuzi.

Baada ya hapo mimi na Mungu hatukuongea. Nilikuja kanisani kwa sababu ya Naomi, niliketi kiti cha nyuma cha kwaya, nikafungua mdomo wakati wa nyimbo bila kutoa sauti. Mlifikiri ni msiba. Haikuwa msiba. Nilikuwa nimemwambia Mungu asiniulize kitu mpaka deni liishe.

Na deni likaisha! Wala hapakuwa na radi. Nilienda ofisi ya elimu kuchukua mshahara, nikafungua bahasha, na pesa zilikuwa zote. Nikasimama nje kwenye ukuta nikahesabu mara ya pili. Wenzangu waliponiona wakapiga vigelegele. Wale wawili walionidhamini walinikumbatia, na mmoja akaniambia, "Rebeka, sasa nitalala." Hapo ndipo nilijua kwamba naye miaka yote hiyo alikuwa halali. Nikawanunulia soda, tukanywa tukicheka. Nilipofika nyumbani nikafunga mlango nikalia, kwa sababu niliyetaka kumwambia habari hiyo alikuwa kaburini Ngaremara.

Wenzangu walinishauri ninunue viti vya sponji. Wengine, cherehani. Nilikaa na zile pesa mezani nikaziangalia, na nikaona jambo moja waziwazi, wala sikuambiwa na mtu. Nilikuwa nimeishi miaka hiyo yote bila pesa hii. Nilikuwa nimezoea chai ya rangi. Nilijua kupika maharagwe ya jana yakawa ya leo. Stanley alinifundisha kuishi na nusu ya mshahara bila kutaka kunifundisha. Sasa kwa nini nimwachie mwenye duka kile ambacho sikuliachia tumbo langu?

Jumatatu nikaenda ushirika. Nikamwambia karani, "Ile pesa mliyokuwa mnanikata, endeleeni kukata."

Akaniangalia. "Mwalimu, deni limekwisha. Hukuambiwa?"

"Nimeambiwa. Kateni vile vile. Lakini sasa iwekeni kwenye akiba yangu, kwa jina langu peke yangu."

Akaniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika hivyo.

Msifikiri ilikuwa tamu! Naomi alikuwa amekuwa msichana mkubwa, wenzake wanavaa sketi mpya, yeye ana ile niliyoipindua nikaishona upya. Jioni moja aliweka kijiko chini. "Mama, si ulisema deni liliisha?"

"Liliisha."

"Sasa mbona tunakula kama bado liko?"

Nikamwambia, "Deni la watu liliisha, Naomi. Sasa najilipa mimi na wewe." Alisusa chakula siku hiyo. Sikumlaumu. Mimi pia nilikuwa nimechoka na maharagwe.

Ndugu zangu, sasa mnisikilize vizuri, maana tumefika mahali pa wokovu.

Akiba ilipoanza kuwa na uzito, habari zikatoka. Isiolo hakuna siri. Na pikapu ikafa injini huko njia ya Gotu, ikawekwa juu ya mawe, na yule mwanamke akarudi kwao. Jumapili moja baada ya ibada nikasikia hodi. Stanley mlangoni, amekonda, viatu vimepasuka. Nyuma yake Mzee Zakaria na wazee wawili.

Nikawakaribisha. Nikapika chai. Stanley alipiga magoti akaomba msamaha, na machozi yalikuwa ya kweli, nayajua machozi yake. Nikamwambia nimemsamehe. Kama angeinuka akaenda zake, labda hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini Mzee Zakaria alikohoa, akasema Bwana amerudisha nyumba hii, na sasa kilichobaki ni jambo dogo tu. Injini. Ushirika ungetoa mkopo upesi kwa sababu nina akiba ya kutosha. Ilikuwa ni sahihi tu.

Nikasikia mwili wangu wote unajitayarisha kutii, kama zamani. Nilijua hata kalamu iko wapi.

Na mkono wangu ukakaa pale ulipokuwa, juu ya mapaja yangu, palepale kichwa cha Mama kilipolala. Haukuinuka. Sikuushika mimi! Ndugu zangu, mimi ni mwoga, niulizeni. Aliyeushika ni Bwana. Yule niliyekuwa nimemnyamazia, kumbe alikuwa amekaa nami kwenye chai ya rangi na maharagwe muda wote, akinijenga mfupa mmoja baada ya mwingine. Akanipa neno moja la kusema.

"Hapana."

Mzee Zakaria akasema, "Lakini umesema umemsamehe."

"Nimemsamehe," nikasema. "Stanley, nimekusamehe yule mwanamke. Nimekusamehe na koti. Ile nauli uliyopokea Ngaremara, bado namwomba Mungu anisaidie. Lakini sahihi yangu hupati. Hata ukilala mlangoni."

Stanley aliinama, akaangalia viatu vyake. Nafikiri yeye alinielewa kuliko wazee.

Mnajua yaliyofuata. Nilitolewa kwenye kwaya. Nilizuiwa Meza ya Bwana muda mrefu, kwa ugumu wa moyo, ndivyo ilivyosemwa hapa hapa mbele. Aliyeacha nyumba yake hakuzuiwa. Aliyezuiwa ni aliyeilipia. Nimesamehe hilo pia. Lakini sijasahau, na sitajifanya nimesahau ili ushuhuda wangu uwe mtamu.

Lakini Bwana ni mwema! Kwa akiba ile Naomi yuko sekondari, analala kwenye bweni lenye mwanga. Kwa akiba ile nilinunua kiploti Burat, karibu na mfereji, nikajenga vyumba vitatu vya mbao na mabati. Nimepanda sukuma wiki na vitunguu. Chumba cha tatu fundi aliniuliza ni cha nani, nikashindwa kumjibu. Niliwahi kukipanga kichwani kwa ajili ya Mama, na kichwa hakikubali kubadilisha. Kwa sasa nimeweka mahindi humo. Stanley nikimkuta njiani ananisalimia, nami namwitikia. Anauza miraa kwenye sanduku karibu na kizuizi. Naomi akirudi likizo humpelekea uji, sijamkataza.

Ndugu zangu, hamtanisikia nikisema Bwana atawapa magari. Atawapa nguvu ya kumaliza mliyotwikwa, na siku mzigo ukishuka, atawaonyesha mahali pa kuweka mikono. Mtegemeeni. Mimi nilimnunia, yeye hakuninunia.

Na dada yangu, wewe ambaye wiki hii umeletewa karatasi utie sahihi, najua uko hapa, kwa sababu wanawake kama sisi tuko hapa kila Jumapili. Sitakuita mbele, wala usiinue mkono. Kesho asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nitakuwa nimesimama mlangoni pa ushirika. Ukiniona, njoo tu usimame karibu nami. Hutahitaji kunieleza kitu.